Ng'ombe wa Mama Kwenye Diski Mpya

Mimi ni mtu wa nyumbani. Mdogo wangu alikuwa akisema mimi ni kama kabati, nikitakiwa kuhama lazima waitwe wanaume wanne. Tangu nimalize Kidato cha Nne nimelala nje ya Isiolo mara mbili tu, na mara zote mbili sikulala. Kutoka kwetu Wabera kwenda Bulla Pesa ni mwendo wa kumaliza peremende moja, lakini kwangu ni safari. Navaa viatu vya safari.

Kwa hiyo majirani waliponiona nimepanda boda na kikapu kifuani, nimekikumbatia kama mgonjwa, walijua kuna jambo. Jirani wa upande wa choo akapaza sauti:

"Leo kabati limehama!"

Hata yeye alikuwa amefundishwa utani huo na mdogo wangu. Mwenye utani wake alikuwa na miezi mitano kaburini. Sisi tuliobaki tulikuwa tunautumia kama sufuria aliyotuachia.

Ndani ya kikapu, chini ya leso, ilikuwa kompyuta yake. Ilikuwa imeanza kutoa sauti. Tik, tik, tik, kama mtu anayegonga meza kwa kucha akingoja ujibu swali, kisha kimya, kisha kioo kinaganda na kishale kinagoma kusogea. Nilikuwa naisubiri, nikiipepea kwa kawa, nikijua kupepea hakusaidii. Siku nyingine ilichukua muda wa kupika ugali mpaka iamke. Na kila jioni ilikuwa lazima iamke, kwa sababu ndani yake walikuwamo ng'ombe wa Mama.

Mama yetu alikuwa na ng'ombe, huko upande wa Kinna, kabla ya ukame kuwamaliza. Walikuwa wangapi? Hilo huulizwi kwetu, na ukiulizwa hujibu. Ng'ombe hawahesabiwi. Mwenye ng'ombe huwajua kwa rangi, kwa pembe, kwa mama zao, na jioni wakirudi anajua nani hajaingia bila kutaja namba yoyote. Mama alikuja kuishi nasi mjini na kibuyu kimoja cha maziwa na fimbo, na wale wote kichwani mwake.

Kisha kichwa kikaanza kuvuja. Mwanzo alisahau majina ya majirani, tukadhani ni madharau tu, maana Mama alikuwa nayo. Siku moja nikamkuta barazani anapapasa hewa kwa mkono, analia bila sauti. Alikuwa anamtafuta ng'ombe mmoja mwekundu na jina haliji.

Mdogo wangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Alikuwa hajaolewa, na mimi niliolewa nikarudishwa (huo ni utani mwingine wake, wacha ukae). Jioni hiyohiyo akaileta kompyuta barazani, akakaa karibu na Mama, akasema, "Mama, nipe mmoja." Mama akampa. Kesho yake mwingine. Mama alikuwa na sheria: ng'ombe husimuliwa saa ya ng'ombe kurudi, mmoja kwa siku, kwa namna walivyokuwa wakiingia bomani. Diimtu, yule mwekundu, mbele. Nyuma yake Gurratti, mweusi, aliyekuwa na wivu. Nyuma yake Daalatti wa kijivu, aliyezalia njiani. Ukimwomba wa kesho, Mama anakukatiza: "Utawafanya wakanyagane mlangoni."

Mdogo wangu aliandika vizuri. Aliandika kama alivyosema, na utani wake humohumo. Ugonjwa wa figo ulipomlaza, aliendelea kusikiliza tu, akawa nyuma kwa kuandika. Mama alimaliza kusimulia wote, na yeye bado alikuwa nao wachache kichwani ambao hawajaingia kwenye kompyuta. Alisema atawaandika akipata siku ya nguvu. Akaipata. Ilikuwa siku yake ya mwisho nyumbani.

Baada ya mazishi, Mama hakuweza tena kuwataja mwenyewe. Hata Diimtu. Lakini nilipomsomea Diimtu, uso wake ulifunguka, akamalizia sentensi kabla yangu. Ndivyo alivyokuwa sasa: akisikia anakumbuka, asiposikia hana kitu. Basi nikawa msomaji, mimi ambaye shuleni nilipewa kusoma risala mara moja na nikaisoma kwa pumzi moja kama mtu anayefukuzwa. Sheria ilikuwa ileile. Mmoja kwa jioni, na siku nyingine tulirudia wa jana kwa sababu Mama alisema hajashiba naye. Mimi mwenyewe sikuwahi kuchungulia mbele. Nilikuwa nangoja zamu yao kama yeye. Chini kompyuta iliandika ukurasa tuliofikia: 9 ya 14. Nilifurahi kuona njia bado ndefu. Huko mbele mdogo wangu alikuwa bado anaongea.

Na sasa mashine ikawa inagonga kucha.

Fundi alikuwa Mmeru wa makamo, mwenye kibanda karibu na wanawake wanaouza maziwa ya ngamia, na miwani aliyoifunga kwa waya wa simu. Nilimpa salaam aleikum, akanijibu "habari yako, madam," akaiweka kompyuta sikioni kama daktari.

"Diski imechoka," akasema. "Hii iko njiani kwenda. Ni kubadilisha."

"Na vilivyomo?"

"Inategemea unataka nini. Nikikuwekea diski mpya na sistimu mpya, hiyo ni haraka, ni kama nyumba mpya: kuta tupu, unapanga vyombo mwenyewe. Ukitaka ile sistimu ya zamani ihamie kama ilivyo, hapo tunang'oa nyumba na msingi wake tunaenda kuisimamisha kwingine. Inachukua siku nzima. Na inaweza kufia njiani."

"Hamisha kama ilivyo."

"Madam, nyumba mpya ni safi zaidi."

"Fundi, mimi sihami nyumba ovyo. Uliza Wabera."

Akacheka. Kisha akaona saa kwenye kona ya kioo na kucheka kukamwisha.

"Hii saa yako imekufa. Sasa ni saa tatu asubuhi, yenyewe inaandika tatu kamili. Inatakiwa tisa. Ngoja niirekebishe."

"Usiiguse! Haijakufa. Inaongea Kiswahili."

Ilibidi nimweleze. Mama anajua namba, alizijua sokoni, lakini hakukubali kwamba jua limechomoza sasa hivi tu na mashine inasema nane. Aligombana na kompyuta: "Saa nane nani amekula chakula cha mchana?" Mdogo wangu akairudisha saa nyuma kwa masaa sita, akaizuia isijirekebishe, na kuanzia hapo ikawa inasema tunavyosema sisi. Mama akapatana nayo. Kila kitu mle ndani kilikuwa kimepangwa hivyo, kwa mkono wa mdogo wangu na kwa ajili ya Mama: herufi kubwa, alama moja tu katikati ya kioo, ya kubonyeza ng'ombe. Hiyo ndiyo nyumba niliyotaka ing'olewe na msingi wake.

Fundi akavua miwani, akaifuta. "Sawa," akasema. "Tutahama na saa yenu."

Diski mpya ilikuwa ndogo, nyepesi kama kipande cha sabuni kilichobaki. Akaiunga na kompyuta kwa waya mfupi, akafungua programu ya kunakili, mstari wa kijani ukaanza kutambaa. Aliniambia niende nirudi jioni. Nikamwambia nimeshafika Bulla Pesa, sitafika mara mbili kwa siku moja. Nikakaa kwenye benchi lake. Mstari ukitambaa, natambaa nao. Ukisimama, na ulisimama mara nyingi, tik tik tik, nasimama nao bila pumzi. Muuza maziwa mmoja akanipa kikombe, akaniuliza nani amelazwa humo. Nikasema, "Mdogo wangu." Ulimi ulitangulia. Hakucheka, aliniongezea maziwa.

Alasiri mstari ukafika mwisho. Fundi akafungua skrubu, akatoa ile diski ya zamani, akaingiza mpya, akabonyeza. Nikafunga macho. Nilipofungua, ilikuwa pale: ukuta uleule wa bluu, herufi kubwa, alama moja katikati. Na saa kwenye kona, kumi na robo, Kiswahili safi. Ilikuwa imeamka kabla sijamaliza kusema bismillahi. Nililia kama mtu asiye na adabu. Fundi akaongeza sauti ya redio yake ya injili ili asinisikie, na mimi nikamshukuru kwa hilo kuliko kwa diski.

Ningeondoka hapo. Laiti ningekuwa kweli mtu wa nyumbani kama ninavyojisifu, ningeondoka hapo hapo nikarudi nyumbani.

"Kuna sehemu zilikuwa zimeoza," fundi akasema. "Programu imeziruka. Picha kadhaa hazifunguki. Una nakala popote?"

Nilikuwa na flashi ya mdogo wangu kwenye kibeti. Akaichomeka. Akaanza kuhamisha vilivyomo ili kuziba mapengo, na kompyuta ikauliza swali. Kuna faili moja, iko kwenye flashi na iko kwenye mashine, jina moja. Ipi ibaki?

Ilikuwa ng'ombe.

"Hii ya mashine nayo ni nzima?" nikauliza.

"Inaonekana nzima. Lakini si sawa na hii ya flashi. Moja ni ya zamani, moja ni mpya. Naweza kukuwekea zote mbili."

Nikawaza Mama akibonyeza ng'ombe na kukuta maboma mawili. Na mimi sipendi vitu viwili viwili, nyumbani kwangu hata vifuniko vya sufuria vina mpangilio. "Weka moja. Ile mpya."

"Basi soma mwenyewe uniambie. Macho yangu na miwani hii..."

Nikainama. Tarehe ilikuwa moja, siku ile ya mwisho ya mdogo wangu nyumbani. Ya mashine, 8:40. Ya flashi, 10:12. Nikasoma zote mbili vizuri, kwa sauti, kama mtu wa sekondari mbele ya fundi.

"Ya flashi ndiyo mpya."

"Una uhakika, madam?"

"Kumi huja baada ya nane, fundi. Au Meru ni tofauti?"

Tukacheka wote wawili, akabonyeza.

Tulisoma kama siku kumi bila kujua. Kompyuta iliamka haraka hivi kwamba Mama aliishuku, akasema inaonekana haijafanya kazi yoyote. Kisha jioni moja tukamaliza ng'ombe mmoja mwenye sikio lililochanika, nikateremka kumtafuta anayemfuata, na chini palikuwa peupe. Nikaangalia namba. 11 ya 11.

Nilimwambia Mama kompyuta imechoka. Nikaingia jikoni, nikasimama mbele ya jiko ambalo halikuwa na moto.

Siku ile ya mwisho, asubuhi, mdogo wangu alikuwa ameketi kitandani na nguvu zake. Aliniwekea faili kwenye flashi, akanituma saiba, kwenye kompyuta za kukodi, niichapishe kiasi kilichokuwapo, ili Mama awe na karatasi za kushika. Yeye akabaki anaandika wale waliobaki. Kule saiba nikaifungua ile faili, nikaanza kuisoma ili kujishaua mbele ya msichana wa pale, na ukurasa wa pili nikakuta ameandika kwamba dada yake mkubwa alikimbizwa na ndama, akapanda juu ya choo, na akakataa kushuka mpaka ndama alipokwenda kulala. Ni kweli. Lakini haikuwa ya kuchapishwa. Nikaifuta sentensi ile, nikahifadhi, nikaona nimemweza. Saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi. Kompyuta ya saiba, inayosema Kizungu kama kompyuta zote, ikaandika 10:12.

Nyumbani mdogo wangu alikuwa anaandika. Nilimkuta bado anaandika, hata karatasi hakuzitazama. Aliandika mpaka baada ya adhuhuri, akahifadhi, akasema, "Wameingia wote. Nimechoka." Ilikuwa saa nane na dakika arobaini mchana. Na mashine yake, inayosema tunavyosema sisi, ikaandika 8:40. Jioni tulimpeleka hospitali.

Nane yake ilikuwa mchana. Kumi yangu ilikuwa asubuhi. Mimi ndiye niliyemweleza fundi habari za saa ile, na mimi ndiye niliyezisoma mbele yake kama mgeni. Na hiyo faili ya flashi isingekuwa na saa yoyote ya kushindana kama singeifungua kuficha kwamba naogopa ndama.

Nilirudi Bulla Pesa asubuhi iliyofuata bila viatu vya safari, nimevaa malapa. Diski ya zamani nilikuwa nayo, fundi alinirudishia, nilikuwa nimeiweka kwenye droo na leso za mdogo wangu. Akaiunga kwa waya. Tik. Tik. Halafu haikusema tena. Akaibadilishia waya, akaigeuza, akaiweka ubavu, akaishika mkononi ipate joto. Alishinda nayo mpaka adhuhuri, na wateja akawaambia warudi kesho. Kisha akatafuta na kwenye diski mpya, kwa programu mbili tofauti.

"Pale ilipokuwa, nyingine imekaa juu yake," akasema. "Pole sana. Ningekataa kuiondoa. Ningeweka zote mbili tu bila kukuuliza."

"Ulinishauri, fundi. Nikakutania kabila."

Akanirudishia diski kwa mikono miwili.

Mama nilimzuia siku nne. Nikarudia wa nyuma. Nikarudi kwa Gurratti, nikarudi kwa Daalatti. Siku ya tano akaweka kiganja chake juu ya kioo.

"Huyu ameshaingia, intala," akasema. Ndivyo anavyotuita mabinti. "Anayemfuata?"

Sasa nitasema nilichofanya. Niliwasha kompyuta, nikafungua ukurasa mtupu chini ya yule mwenye sikio lililochanika, nikaukazia macho, na nikaanza kusoma. Nikasema anayefuata alikuwa mweupe, na doa jeusi shavuni. Mpole. Alipenda chumvi, na alikuwa akilamba ukingo wa karai mpaka likang'aa. Niliiga na namna ya mdogo wangu, nikatia na utani hapo kati. Nilikuwa naendelea vizuri. Kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa nasoma polepole.

Mama alisikiliza ameinamisha kichwa.

"Pembe zake?"

"Zimepinda mbele."

"Mama yake nani?"

Nikateremsha ukurasa mtupu kama anayetafuta. "Hapa haikuandikwa."

"Huyo si wetu."

"Labda umesahau, Mama."

Nimewahi kusema maneno mabaya, niliachika kwa baadhi yake. Hilo ndilo baya kuliko yote. Mama hakukasirika. Aliniangalia kwa macho yake ya zamani, ya mtu anayesimama mlangoni mwa boma na fimbo.

"Nimesahau wengi," akasema. "Huyo sijamsahau. Huyo sijawahi kumkamua. Ameingia na wengine tu. Mtoe, mwenyewe anamtafuta."

Nikafunga kompyuta nikamwambia. Nilianza na ndama na choo, nikaenda saiba, nikaenda kwa fundi, nikamweleza saa. Sijui alifuata kiasi gani. Nilipomaliza akauliza jambo moja tu.

"Mdogo wako alikuwa amewaandika?"

"Alikuwa amewaandika wote, Mama. Alisema wameingia wote."

"Mimi nilimpa yeye," akasema. "Nilipompa, nikawaacha."

Akainuka kwa kushika bega langu. Wakati wa kusoma tulikuwa tukiuacha mlango wa mbele wazi, yeye ndiye aliyetaka hivyo, ng'ombe wa kwanza hadi yule wa siku hiyo wapate kupita. Kule kwao mlango wa boma unazibwa kwa miiba wa mwisho akishaingia, na kama mmoja bado yuko nje, mtu anabaki amesimama hata kukinyesha. Nje jua lilikuwa limeshuka, mtu wa maji alikuwa anapita na punda wake, na mwadhini alikuwa anakohoa kwenye kipaza sauti kabla ya kuanza.

Mama akatazama barabara kidogo.

"Funga," akaniambia.

Nikafunga.